Pishi ya Jioni Katika Mashamba ya Wambaa



Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala ya zao hilo. Katika mashamba ya ukoo ya Wambaa, alfajiri ya msimu wachumaji walipanda mikarafuu, wakavuta matawi kwa upembo na kujaza mapakacha. Jioni wazee, wanawake na watoto walikaa jamvini wakichambua karafuu katika makonyo. Kisha ikaletwa pishi.

Hapo ndipo heshima ya shamba ilipopimwa, kwani mchumaji alilipwa kwa pishi. Mwenye shamba mwadilifu aliifuta kwa mkono mbele ya wote, mchumaji akihesabu kwa sauti. Aliyepokea pishi ya kufurika na kulipa ya mfuto, msimu uliofuata alikosa watu. Karafuu zake zikachanua mtini, zikapoteza thamani.

Leo iko mizani na daftari. Hata hivyo, mwanachama na auone uzito wa mzigo wake, asomewe, na apewe stakabadhi kabla hajaondoka. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba za dhuluma nazo hujaza chake.