Kurekebisha Kanuni za Ubadilishaji wa Aina za Data bila Kuvunja Programu Zilizopo

Kila lugha ya programu ina kanuni za kuamua kinachotokea pale thamani ya aina moja inapokutana na thamani ya aina nyingine, kwa mfano namba inapolinganishwa na mfuatano wa herufi, yaani kipande cha maandishi kilichofungwa ndani ya alama za nukuu. Zipo lugha zinazoukataa mkutano huo na kumtaka mwandishi wa programu aseme waziwazi anachokusudia, na zipo zinazoigeuza thamani moja kimyakimya ili ilingane na nyingine, kitendo kinachoweza kuitwa ubadilishaji fiche. Kuzitunga kanuni hizo si kazi ngumu. Ugumu huja pale zinapohitaji kurekebishwa ilhali programu nyingi tayari zimeandikwa kwa kuzitegemea.

Lugha ya PHP, iliyotolewa kwa umma na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, inalionyesha jambo hili vizuri. Ilikusudiwa kurasa za wavuti, na chochote mtu anachojaza katika fomu ya ukurasa, hata kikiwa umri au bei, huifikia seva kikiwa maandishi. Kwa hiyo kuigeuza "25" kuwa 25 bila kuulizwa kulikuwa msaada wa kweli. Hata hivyo, kanuni hiyohiyo iliigeuza "samaki" kuwa sifuri, kwa kuwa neno hilo halianzi na tarakimu, na matokeo yake ni kwamba ulinganisho 0 == "samaki" ulijibiwa kuwa ni kweli. Amri ya in_array, ambayo hutafuta thamani ndani ya orodha, ilipoulizwa kama 0 imo katika orodha yenye "samaki" na "nyama" pekee, ilijibu kuwa imo, na pale ambapo swali la namna hiyo ndilo linaloamua nani aruhusiwe kuingia katika mfumo, jibu hilo ni tundu la usalama.

Toleo la 8.0, lililotoka Novemba 2020, liliamua kwamba maandishi yasiyosomeka kuwa namba yasigeuzwe tena, bali namba ndiyo igeuzwe kuwa maandishi kabla ya kulinganishwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini ni wa aina ya hatari zaidi, kwa sababu programu ya zamani haigomi: inaendelea kufanya kazi huku ikitoa jibu tofauti, na hakuna anayejulishwa. Katika hesabu mambo yalikwenda kwa hatua, kwani kuzidisha 5 kwa "samaki" kulitoa sifuri bila neno lolote, kisha tangu toleo la 7.1 kukatoa onyo, na katika 8.0 kukawa kosa linalosimamisha programu lisiposhughulikiwa. Ulinganisho ungestahili uangalifu uleule, nao unawezekana: jibu likokotolewe kwa kanuni zote mbili, na onyo litolewe pale tu majibu yanapotofautiana, ili mwenye programu aonyeshwe mistari michache inayomhusu badala ya kufunikwa na maonyo yasiyo na maana.

Njia nyingine ni kumwachia kila mwandishi achague wakati wake. Python iliruhusu tangu 2001 faili moja moja itangaze kuwa inataka 3 ikigawanywa kwa 2 itoe 1.5 badala ya 1, na kanuni hiyo haikuwa ya lazima hadi toleo la 3.0 mwaka 2008. PHP nayo, tangu 7.0, huruhusu faili ijitangazie ukali wa aina, yaani thamani ya aina isiyotarajiwa ikataliwe badala ya kugeuzwa, na ukali huo huhusu miito ya amri inayotoka katika faili hiyo, hivyo mwenye maktaba ya msimbo hawezi kuwalazimisha wanaoitumia.

JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya vivinjari vya wavuti, haikuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa kurasa za zamani zilipaswa kuendelea kufanya kazi katika vivinjari vipya. Netscape, kampuni iliyoiunda, ilijaribu katika toleo la 1.2 kuuondolea ulinganisho wa == ubadilishaji fiche, ikarudi nyuma katika 1.3, na mwaka 1999 toleo la tatu la ECMAScript, kiwango rasmi cha lugha hiyo, likaongeza alama mpya ya ===, isiyogeuza chochote, huku ile ya zamani ikiachwa na kasoro zake zote. Gharama yake ni kwamba kila mwanafunzi wa lugha hiyo hujifunza alama mbili na kuonywa aiepuke mojawapo. Lakini kurasa zilizoandikwa kwa alama ya zamani, ambazo nyingi hazina tena mtu wa kuzirekebisha, hazikuguswa.