Deni Lilipwe Mavuno Yangali Ghalani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani na mashambani, tunajiusia sisi wenyewe na tunawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Khutba yetu ya leo inahusu deni. Tumelichagua jambo hili kwa kuwa msimu wa kuvuna mahindi umewadia katika mikoa yetu ya Mbeya na Iringa. Wengi wetu tulikopa mwezi wa Januari, wakati chakula kilipopungua, watoto wakahitaji sare na madaftari, na shamba likadai mbolea. Sasa magunia yanaingia nyumbani, na pamoja nayo huja harusi na nguo mpya. Mwenye kutudai hukumbukwa mwisho, ghala likiwa tupu.

Ndugu Waislamu, imepokewa kwamba maiti aliletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) ili asaliwe. Mtume akauliza kama anadaiwa. Alipoambiwa kuwa anadaiwa na hakuacha cha kulipia, aliwaambia masahaba wamsalie wao. Hapo Abu Qatada akalichukua deni lile juu yake, ndipo Mtume akamsalia. Ikiwa hivyo ndivyo deni lilivyomzuilia mtu sala ya Mtume, sisi tunapata wapi usingizi?

Basi tufanyeje ili tulipe upesi?

Kwanza, tuyaandike madeni yetu yote, dogo na kubwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni. Wengi wetu hatujui jumla ya tunachodaiwa, kwa sababu tunaogopa kuijua.

Pili, tusikope ili kulipa deni. Huko ni kuhamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile.

Tatu, tuanze na deni linalokua. Riba ni haramu, na aliyeingia humo atubu na atoke upesi. Tuchukue mfano wa mikopo ile ambayo watu wameiita kausha damu. Mtu anadaiwa shilingi 200,000, na kila mwezi deni huongezeka kwa sehemu moja ya tano, yaani 40,000. Akilipa 40,000 kila mwezi, mwaka utakwisha ametoa 480,000, na zile 200,000 zingali palepale. Lakini akijinyima, akauza mbuzi au akafanya kibarua, akalipa 70,000 kila mwezi, mwezi wa tano amemaliza. Fedha aliyokuwa akiilipa huko aielekeze kwenye deni linalofuata, asiirudishe kwenye matumizi.

Nne, magunia ya deni yatengwe siku ya kupukuchua, kabla ya sherehe yoyote. Wala tusiuze mahindi yangali machanga shambani, Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla uzima wake haujadhihiri.

Tano, tumwendee anayetudai kabla hajatujia. Tumweleze hali yetu, tumpe kidogo tulicho nacho na tumtajie siku ya kilichobaki. Anayejificha hupoteza deni na heshima pamoja.

Nanyi mnaodai, kumbukeni aya ya 280 ya sura hiyohiyo: mwenye dhiki anastahili kungojewa mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye kutubu kwa kukopesha kwa riba ana haki ya rasilimali yake tu. Msichukue jembe wala kitanda cha mjane.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na dhambi na mzigo wa deni, atujaalie riziki ya halali, wala asitufishe hali tunadaiwa haki za watu. Amin.