Mimba Zinapotoka Mara kwa Mara

Akina mama na akina baba wa vikundi, katika kutembelea manyumba tumekutana na mama aliyepoteza mimba tatu. Lawama zote alitupiwa yeye: eti amelaaniwa, eti alibeba kuni nzito.

Hebu tuelezane. Ndani ya mji wa mimba kuna utando. Kila mwezi hujijenga upya. Mimba isiposhika, hutoka kama damu ya mwezi. Mimba changa hujishikiza hapo, kama mche kitaluni. Mwaka wa 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walieleza kwamba utando wa akina mama waliopoteza mimba mara nyingi ulipungukiwa na seli shina, yaani chembe za kuujenga upya. Mama hakujitakia. Tena mara nyingi kasoro huwa katika mimba yenyewe, nayo imetoka kwa baba na mama. (Hapo wazee hunyamaza!)

Basi msimrudishe mke kwao. Nendeni hospitali wote wawili, mkaulize kuhusu kaswende, kisukari, tezi ya shingo, na damu inayoganda kupita kiasi. Hayo yana matibabu. Nauli ikikosekana, kikundi kiwakopeshe.