Mapenzi Baada ya Talaka



Baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunaomba mtuvumilie katika jambo ambalo aghalabu halisemwi misikitini. Katika vikao vya suluhu tunavyoitwa huku kwetu, Handeni na Korogwe, mara nyingi tumemsikia mwanamume aliyekwisha kutoa talaka, na eda ikapita, akisema: "Bado nampenda." Nasi huinamisha vichwa, kwa kuwa neno hilo ni zito, wala hatumuulizi analikusudia nini. Hapo ndipo tunapokosea.

Kiarabu hutenganisha mambo ambayo sisi huyakusanya katika neno moja, mapenzi. Liko hubb, ambalo asili yake ndiyo iliyotupa mahaba. Liko na ishq, lililotupa ashiki, yaani yale mapenzi yaliyopita kiasi, yanayomfanya mtu asile wala asilale. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), aliandika kitabu kizima, Rawdhatul Muhibbin, juu ya majina ya mapenzi na hali zake. Lakini Qur'an Tukufu, katika Suratur Rum aya ya 21, inapotaja alichokiweka Allah baina ya mume na mke, haitaji ishq. Inataja mawadda na rahma. Rehema humtazama mwingine: amekula nini, analala wapi, ana amani au hana. Ashiki huitazama kiu yake yenyewe.

Tumtazame Mughith, ambaye habari yake imo katika Sahihi ya Bukhari kwa mapokezi ya Ibn Abbas. Mkewe, Barira, aliachwa huru kutoka utumwani, na sheria ikampa hiari ya kubaki na mumewe au kumwacha. Akamwacha. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina akilia, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) aliyaona hayo, akamwelekeza ami yake Abbas astaajabu jinsi huyu anavyopenda na yule anavyochukia. Kisha akamwambia Barira kwamba lau angemrudia mumewe. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa si amri, ni uombezi tu. Basi akasema hana haja naye, na jambo likaishia hapo.

Zingatieni, ndugu zetu. Katika mapokezi haya hatuoni Mughith akikemewa kwa machozi yake, wala hatuoni machozi hayo yakigeuzwa kuwa haki juu ya Barira. Bora wa viumbe aliomba mara moja, akakataliwa, akanyamaza.

Sisi hatukufanya hivyo. Kijana mmoja wa upande wa Handeni alimwacha mkewe kwa hasira, naye akarudi kwa wazazi wake Korogwe. Muda wa rejea ukapita, na kijana hakumrejea. Ndipo alipoanza kupanda basi kila wiki, kilomita 65, akakae kwenye banda la chai lililoelekeana na nyumba ya wakwe zake wa zamani. Akipiga simu usiku wa manane. Posa nyingine ilipokuja, alimwendea mposaji akamfunulia siri za chumbani, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) amelikemea vikali. Mbele yetu alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Tukaingiwa na huruma, tukaenda kumwombea kwa yule mwanamke. Akakataa. Tukaenda tena. Tulipokwenda mara ya tatu, mama yake alitukaribisha vizuri, akatupa maji, kisha akasema: "Mashehe wangu, na maziwa ya mtoto je, amewaambia?"

Hakuwa ametuambia. Ilikuwa ni miezi saba hajatoa kitu, na sisi tuliojaza vifua kwa mapokezi na sharhe zake hatukuwa tumemuuliza.

Tulimwita kijana tukamsomea aya za Suratul Baqara zinazotaja kiliwazo cha mwanamke aliyeachwa, na zinazokataza kusahau fadhila iliyokuwapo baina ya watu wawili. Tukamkumbusha pia kuwa matunzo ya mtoto ni wajibu katika fiqhi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamdai mzazi. Akasema, "Ustadh, nilidhani nikimpelekea matumizi nitakuwa nimekubali kuwa ameondoka." Maneno hayo yalitufundisha zaidi ya vitabu vingi. Alichokuwa akikishikilia ni nafasi yake mwenyewe moyoni mwa mtu, na mtoto alikaa na njaa kwa ajili hiyo.

Siku hizi gunia la mahindi na fedha hupitia kwa babu wa mtoto kila mwezi. Yule mposaji aliombwa radhi, na nikahi imefungwa. Kijana akifika Korogwe huishia stendi, haendi ule mtaa. Anasema moyo ungali unamuuma, nasi tumeacha kumwambia kwamba usimuume.