Picha ni Risiti: Kuitunza Kamera ya Mradi na Kupata Rangi za Kweli

(Mada iliyotolewa kwa makatibu wa kamati za maendeleo za parokia, katika semina ya kuandika taarifa za miradi)

 

Mimi si mpiga picha wa studio. Ni katibu wa kamati kama ninyi, niliyekabidhiwa kamera ya mradi kwa sababu siku ile nilikuwa nimekaa karibu na meza. Mengi nitakayosema nimejifunza kwa kukosea. Nianze na kosa lililotugharimu kuliko yote.

Tulikuwa tumemaliza kuchimba kisima, na maji yamepimwa yakaonekana ni safi. Jioni tulirudi na dumu moja ofisini, tukamimina maji kwenye glasi, tukaiweka mezani chini ya balbu, nikapiga picha. Kamera ilikuwa bado kwenye mpangilio wa jua niliouweka asubuhi. Kwenye kile kioo kidogo cha nyuma niliona glasi na maji, nikaridhika. Picha ikaambatanishwa na taarifa, ikaenda.

Baada ya wiki chache likaja swali la kiungwana kutoka kwa wafadhili: mbona maji yana rangi ya chai? Wakaomba yapimwe upya kabla ya fedha za awamu ya pili, zile za kuyapeleka kitongoji cha juu. Hawakukosea, mtu aliye mbali huamini anachokiona. Tulipima tena, majibu yakawa yaleyale. Lakini miezi miwili ilikuwa imepita, na muda wote huo akina mama wa kitongoji cha juu waliendelea kuteka mtoni. Maji hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la balbu, na la mimi niliyeshika kamera.

Tangu siku hiyo nasema hivi: picha ni risiti. Mhasibu akileta risiti iliyofutika, hata kama fedha zilitumika vizuri, mkaguzi ana haki ya kuuliza. Na risiti iliyochorwa upya ili ipendeze ni mbaya zaidi ya ile iliyofutika.

KWA NINI KAMERA HUKOSEA RANGI

Jicho la mwanadamu lina ubongo nyuma yake. Karatasi nyeupe ukiitazama juani, kivulini au chini ya taa, utaiona nyeupe, kwa sababu ubongo unajua kuwa ni nyeupe. Kamera haijui. Yenyewe inapokea mwanga kama ulivyo.

Mwanga nao hutofautiana, na rangi yake hupimwa kwa kipimo kiitwacho Kelvin. Balbu ya kizamani yenye waya ndani hutoa mwanga wa manjano wa karibu 2,800. Jua la mchana ni karibu 5,500. Kivulini, chini ya anga la buluu, hufika 7,000 na zaidi. Namba ikiwa ndogo, picha huelekea manjano na wekundu. Ikiwa kubwa, huelekea buluu. Taa za tyubu mara nyingi huongeza ukijani.

Ndani ya kamera ya dijitali kuna kipande kinachopokea mwanga, chenye mamilioni ya vituo vidogo. Kila kituo kimefunikwa na kichujio chekundu, cha kijani au cha buluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na ukapata hataza mwaka 1976. Kamera hukusanya vipimo vya vituo vyote, kisha inakisia: kipi hapa ni cheupe? Ikikisia vibaya, rangi zote zinahama pamoja nacho. Ndiyo maana darasa lenye ukuta wa kijani, au mkutano chini ya turubai la buluu, huichanganya kamera hata ile ya bei kubwa.

Ndugu wanakamati, tiba yake ni nyepesi:

1. Tafuta herufi WB kwenye kamera. Hapo utakuta alama ya jua, wingu, nyumba yenye kivuli, balbu na tyubu. Chagua inayolingana na mwanga uliopo. Ukihama mahali, badilisha. Ukiona utasahau, iache kwenye AWB ijichagulie yenyewe; kukisia kwake ni bora kuliko mpangilio wa asubuhi uliosahauliwa mpaka jioni, kama wangu.

2. Beba kadi ya kijivu inayouzwa kwa wapiga picha, au angalau karatasi nyeupe ya kawaida. Picha ya kwanza ya kila mahali, mtu aishike karatasi hiyo mbele yake. Picha hiyo itakuwa shahidi: baadaye kwenye kompyuta utaweza kurekebisha rangi mpaka karatasi iwe nyeupe, na zote zilizopigwa katika mwanga uleule zitafuata marekebisho hayo. Jihadhari tu na karatasi zinazong'aa mno. Zina dawa ya weupe inayovuta kidogo kwenye buluu.

3. Usichanganye mianga miwili. Balbu upande huu na dirisha upande ule, uso utakuwa nusu manjano na nusu buluu, na hakuna programu itakayotengeneza vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Zima taa, fungua dirisha.

NYUSO ZETU

Jambo la pili ni nyuso. Mara ngapi tumepeleka picha ya watoto wamesimama mbele ya ukuta mweupe, ukuta unaonekana vizuri sana, na watoto wamekuwa vivuli?

Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba kila inachokiona, kwa wastani, ni kijivu cha katikati. Ikiuona ukuta mweupe inasema: hapa pana mwanga mwingi mno, nipunguze. Inapopunguza, nyuso nyeusi zinazama. Tiba: tafuta kitufe chenye alama ya + na −, sogeza kwenye +1, piga, kisha utazame tena. Au waondoe watoto ukutani uwaweke mbele ya miti, nyuso zielekee kwenye mwanga. Mchana wa jua kali, kama kofia zinatia kivuli usoni, washa flashi hata kama ni mchana.

Tusidhani pia kwamba tatizo hili ni letu peke yetu kwa kutojua kupiga picha. Zamani za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha ya kila mtu. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliandika historia hiyo mwaka 2009. Alieleza kwamba miongoni mwa waliosukuma Kodak kuboresha filamu zake ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za mbao na za chokoleti nyeusi hazitokei vizuri. Malalamiko ya mbao yalisikika kuliko ya watu! Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiitangaza kwamba imerekebishwa ili ioneshe ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi. Kwa hiyo ukiongeza +1 kwa ajili ya uso wa bibi yako, humpendelei. Unamrudishia haki yake.

KAMERA IKIGOMA

Kabla ya kuipeleka kwa fundi, angalia haya:

Inawaka na kuzima. Mara nyingi ni betri. Betri za AA za bei ya chini huweza kuendesha redio kwa wiki lakini zikashindwa na kamera, kwa kuwa kamera inavuta umeme mwingi kwa mara moja. Nunueni za kuchaji. Pia safisha vyuma vinavyogusana na betri kwa kitambaa kikavu au kifutio cha penseli, na kuondoa mabaki yake. Kamera isipotumika kwa muda mrefu, toa betri, zikivuja huila.

Inasema kadi imefungwa. Kando ya kadi ya kumbukumbu kuna kiswichi kidogo sana. Kisukume upande wa pili.

Picha zimefutika kwa bahati mbaya. Acha kupiga mara moja, toa kadi. Zipo programu zinazoweza kuzirudisha, mradi hujaandika picha nyingine juu yake. Mkishahakikisha picha zimehifadhiwa mahali pawili, ifomatini kadi ndani ya kamera yenyewe.

Tarehe si sahihi. Betri ikikaa nje muda mrefu, saa ya kamera hurudi mwanzo. Risiti yenye tarehe ya uongo ni risiti ya kutiliwa shaka. Kagueni tarehe kabla ya kila safari.

Doa lilelile kwenye kila picha. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Likibaki, ni vumbi lililo ndani. Usipulize kwa mdomo, mate yatafanya mabaya zaidi. Tumia kipulizio cha mpira, au mwachie fundi.

Ukungu ndani ya lenzi. Huu ni ugonjwa wa mahali penye unyevu, hasa pwani. Tunza kamera kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

MPAKA WA KUREKEBISHA

Nimalizie na jambo zito kidogo. Kompyuta ikishakuwa mkononi, kishawishi nacho kipo. Mahindi yamekuwa manjano kidogo. Si tuyaongezee ukijani? Hapana. Majani ya chini ya mhindi yakianza manjano kutoka ncha kufuata mshipa wa katikati, hiyo ni dalili ya upungufu wa nitrojeni. Yakiwa na uzambarau, huenda ni fosforasi. Bwana shamba anayepokea picha kwa simu anasoma rangi hizo kama daktari anavyosoma kipimo. Ukiipaka picha rangi, umemficha ugonjwa, na mkulima ndiye atakayevuna hasara.

Kanuni yetu iwe hii: rekebisheni mpaka karatasi iwe nyeupe, kisha simameni hapo. Hifadhini picha ya awali bila kuigusa. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama faili la hati, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa. Na kabla ya kuchapa, itazameni kwenye skrini zaidi ya moja, kwa sababu kila skrini nayo ina uongo wake.

Kwenu wafadhili nina ombi. Mkiona rangi ya ajabu, endeleeni kuuliza, kama mlivyotuuliza sisi. Lakini ulizeni pia: picha ilipigwa saa ngapi, na chini ya taa gani? Swali hilo likijibiwa mapema, huenda likaokoa miezi miwili.

Ile glasi tuliipiga picha tena, saa nne asubuhi, kando ya dirisha, karatasi nyeupe nyuma yake. Maji yalionekana kama yalivyokuwa siku zote. Hatukubadilisha chochote ndani ya glasi.

 Sasa kila parokia itoe kamera yake mezani, tuanze na betri.