Upasuaji ni wa Saa Chache, Uangalizi ni wa Maisha

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kata ya Chamazi, Manispaa ya Temeke



Miaka michache iliyopita, habari za kupasuliwa tumbo ili kupunguza uzito zilisikika kama habari za watu wa mbali, wenye uwezo wa kusafiri hadi India au Afrika Kusini. Leo hali imebadilika. Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuwawekea wagonjwa puto la tumboni la kupunguza uzito, na baadaye ikaongeza upasuaji wenyewe. Huduma imesogea, na maswali yamesogea pamoja nayo. Wengi wameona picha za mtu kabla na baada ya huduma. Wachache wameelezwa yanayotokea kati ya picha hizo mbili: wiki za uji mwepesi, vidonge vya kila siku, kliniki zisizokwisha, na maneno ya majirani. Mazungumzo haya yanahusu kipindi hicho.

Ukubwa wa tatizo

Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonesha kuwa mwaka 2004–05, asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2010 wakafikia asilimia 22, na mwaka 2015–16 asilimia 28. Wanaoishi mijini wameathirika zaidi kuliko wa vijijini. Sababu zinaonekana mitaani: kazi za kukaa, chipsi na vitumbua kila kona, soda mezani kila penye sherehe, na mwendo mfupi unaofanywa kwa bodaboda.

Uzito uliopitiliza huambatana na kisukari, shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini. Ni ugonjwa unaochangiwa na urithi, homoni, chakula na mazingira, na mgonjwa wake anastahili tiba kama mgonjwa mwingine yeyote. Kumcheka hakujampunguza mtu hata kilo moja.

Nani anafaa kupasuliwa

Madaktari huanza na hesabu rahisi: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.6 na uzito wa kilo 110 atagawanya 110 kwa 2.56 na kupata 43. Kiwango cha kawaida ni kati ya 18.5 na 24.9. Kuanzia 30 huitwa kiribatumbo.

Kwa miaka mingi, upasuaji ulipendekezwa kwa mwenye 40 na kuendelea, au 35 akiwa pia na maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji wa fani hii vililegeza kigezo: 35 na kuendelea hata bila maradhi mengine, na kuanzia 30 mgonjwa anaweza kufikiriwa iwapo ana kisukari au maradhi ya namna hiyo. Hesabu hiyo peke yake haitoshi. Mgonjwa hupimwa moyo, mapafu, sukari, damu na afya ya akili, na huulizwa kwa kina amejaribu nini kabla ya hapo. Mwenye kitambi kidogo anayetaka nguo ya harusi imkae vizuri hahitaji kisu.

Puto na upasuaji hutofautiana

Puto huingizwa tumboni kupitia mdomoni, bila kukata ngozi, kisha hujazwa maji ya chumvi ili mgonjwa ashibe mapema. Siku za mwanzo huleta kichefuchefu na kutapika. Hukaa kwa muda maalumu, mara nyingi miezi 6, na aina nyingine hadi mwaka, kisha hutolewa. Asiyebadilisha ulaji katika muda huo, uzito humrudia puto likishatoka. Mara nyingi maji hayo hutiwa rangi ya buluu. Mkojo ukigeuka kijani au buluu, puto limepasuka na mgonjwa anapaswa kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Upasuaji unaofanyika zaidi duniani ni ule wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, takriban robo tatu au zaidi, ukabaki mfereji mwembamba. Mbali na kupunguza nafasi ya chakula, hupunguza homoni inayoleta njaa. Aina nyingine hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula hupita njia ya mkato. Kwa kawaida upasuaji hufanywa kupitia matundu madogo, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Tumbo lililokatwa halirudi.

Kabla ya siku yenyewe

Mgonjwa huelekezwa kupunguza kula kwa wiki kadhaa, hasa wanga na mafuta, ili ini lisinyae na mpasuaji aone vizuri. Anayevuta sigara huacha. Hutakiwa kutaja dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba na za uzazi wa mpango. Ni wakati pia wa kuuliza gharama yote kwa maandishi: vipimo, upasuaji, vidonge vya baadaye na kliniki za marudio. Mwenye bima aulize mfuko wake mapema kinacholipwa na kisicholipwa, asingoje kuuliza akiwa dirishani.

Siku za hospitali na wiki za mwanzo

Wagonjwa wengi hulazwa siku 1 hadi 3. Siku hiyohiyo ya upasuaji, muuguzi humwamsha mgonjwa atembee, ingawa ana maumivu. Kutembea huzuia damu kuganda miguuni, na donge la damu likifika mapafuni huua. Kuendelea kutembea nyumbani ni sehemu ya tiba. Mzunguko wa taratibu mtaani asubuhi na jioni unatosha kwa kuanzia. Vitu vizito, kama ndoo ya maji ya lita 20 au gunia la mkaa, havibebwi kwa wiki 4 hadi 6. Familia inapaswa kujipanga mapema nani atachota maji na nani atambeba mtoto.

Chakula hurudi kwa hatua, kwa kufuata ratiba ya hospitali husika. Siku za kwanza ni maji na vinywaji vyepesi visivyo na sukari wala gesi. Hufuata vya majimaji vyenye lishe: maziwa, mtindi mwepesi, supu iliyochujwa, uji mwepesi. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu huja vilivyopondwa laini, kama maharage, mayai au samaki asiye na miba. Baada ya mwezi mmoja hivi ni vyakula laini, na kati ya wiki ya 6 na ya 8 mgonjwa huanza chakula cha kawaida, kwa kipimo cha kisahani cha chai. Ugali mgumu, chapati na nyama ngumu huwatatiza wengi kwa miezi.

Kanuni nne hubaki maisha yote. Protini huliwa kwanza: samaki, dagaa, mayai, kuku, maharage. Chakula hutafunwa hadi kilainike kabisa. Maji hayanywewi pamoja na chakula, bali nusu saa baadaye, kwa funda ndogo ndogo hadi kufikia lita moja na nusu kwa siku. Kwa joto la Dar es Salaam, asiyekuwa na chupa mkononi hukaukiwa haraka. Na mtu huacha kula anaposhiba, hata kama kijiko kimoja kimebaki.

Dalili za hatari, na umbali wa Mloganzila

Katika vituo vyenye uzoefu, vifo ni vichache, takriban mtu 1 kwa kila 1,000 au pungufu. Hata hivyo, mshono wa ndani unaweza kuvuja, na hutokea kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 100. Dalili ni homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani, na kuhema kwa shida. Nyingine za kuogopwa ni kutapika kusikokoma, kinyesi cheusi au damu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua, na kushindwa kunywa maji siku nzima.

Mloganzila iko Kibamba, upande wa pili wa jiji. Kutoka Chamazi mtu huanza na barabara ya Mbande hadi Rangi Tatu kabla hata hajaianza safari yenyewe. Usiku wa manane mgonjwa wa namna hii hapaswi kusubiri kukuche. Aende Hospitali ya Mbagala Rangi Tatu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, akiwa na karatasi ya kuruhusiwa inayoeleza aina ya upasuaji, tarehe yake na namba ya simu ya wodi. Karatasi hiyo ikae mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, kwa sababu daktari wa zamu asiyejua tumbo limekatwa anaweza kutafuta ugonjwa mwingine huku muda unapita. Namba ya dereva aliyekubali kuamshwa usiku iandikwe juu ya karatasi hiyohiyo.

Maisha baada ya mwaka wa kwanza

Matarajio yawe ya kweli. Kwa wastani, mgonjwa hupoteza robo au karibu theluthi ya uzito wake ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Aliyeanza na kilo 120 anaweza kufika kilo 84 hadi 90. Hatakuwa mwembamba, ila huenda akapanda ngazi bila kuhema, akalala vizuri, na sukari yake ikatulia. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe mara kwa mara tangu wiki ya kwanza, kwa kuwa dozi za zamani zinaweza kuwa kubwa mno na kumwangusha.

Nywele hunyonyoka kwa wengi kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kisha huota tena lishe ikiwa nzuri. Ngozi hulegea, na haikazi yote. Vijiwe vya nyongo huweza kujitokeza. Kwa wale waliotengenezewa njia ya mkato, sukari nyingi kwa mara moja huleta jasho, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Tende nyingi, tambi za sukari na juisi ya miwa kwa pamoja wakati wa futari zinaweza kumlaza mtu. Anayetaka kufunga Ramadhani au Kwaresima azungumze na daktari wake kwanza. Miezi ya mwanzo kwa kawaida hairuhusiwi.

Vidonge vya vitamini na madini, hasa B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, humezwa maisha yote, na damu hupimwa kila mwaka. Anayeacha kwa sababu anajisikia mzima anaweza kupata upungufu wa damu, ganzi ya miguu au mifupa dhaifu miaka kadhaa baadaye. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa dukani kirahisi, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo. Parasetamoli ndiyo salama zaidi. Pombe hulevya upesi kuliko zamani. Mwanamke anashauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, na ajue kuwa uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa aliyekaa miaka bila mtoto. Njia ya uzazi wa mpango ipangwe kabla ya upasuaji.

Uzito unaweza kurudi. Mara nyingi haurudi kwa sahani iliyojaa. Hurudi kwa soda ya hapa, kashata ya pale, juisi ya jioni. Wahenga walisema chovyachovya humaliza buyu la asali.

Familia na majirani

Katika jamii yetu, mwili mnene umehesabiwa kuwa dalili ya afya na ya mume anayejali. Anayepungua ghafla husemwa: ana ugonjwa anaouficha, au nyumbani kumeharibika. Wapo wagonjwa wanaoacha kliniki kwa kuogopa kusemwa, na wapo wanaolazimishwa kula ili kuwaridhisha wenyeji wao. Katika shughuli, sahani ya pilau ikikataliwa, mwenyeji huona amedharauliwa. Asidhani hivyo. Ampe mgeni kipande cha samaki, amwache ale polepole, na asimuulize mbele za watu kilichompunguza. Mgonjwa hana deni la maelezo kwa mtaa mzima. Ndani ya nyumba, mke au mume, mama na watoto wakubwa wahudhurie walau kliniki moja, kwa sababu wao ndio wapikaji na ndio watakaoiona homa kwanza.

Pa kuanzia

Anayefikiria huduma hii aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho jirani, apimwe uzito, urefu, sukari na shinikizo la damu, kisha apewe rufaa. Chai za kupunguza tumbo na vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa mitaani si njia ya mkato: vingine huharisha tu, vingine huumiza figo na ini. Na wengi wa waliopo hapa hawatahitaji kupasuliwa kamwe. Kwao, kupunguza soda, kutembea kila siku na kupima sukari mapema kunatosha. Kwa watakaohitaji, huduma ipo nchini. Swali la kujibu kabla ya kusaini karatasi ya ridhaa ni hili: nani atakuwa naye wiki ya pili, mwezi wa sita na mwaka wa kumi?