Mbu Huzaliwa Nyumbani Kwetu



Wengi wetu hapa Nakuru husema, "Malaria ni ya Marigat na Kisumu, huku kwetu ni baridi." Kuna ukweli. Mji wetu uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi huchelewesha vijidudu vya malaria kukomaa ndani ya mbu. Lakini mwaka 2022 mbu wa malaria kutoka Asia, aitwaye Anopheles stephensi, aligunduliwa Marsabit. Huyu hapendi vinamasi tu. Anapenda miji, na huzaa kwenye matangi ya maji.

Na sisi je, matangi tunayo? Tele! Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Ndiyo maana tunakinga mvua ya mabati. Hatuwezi kuambiana tumwage maji ya kunywa. Basi tumjue mbu.

Jike ndiye anayeuma, maana anataka damu ya kukomaza mayai. Hutaga majini, yai huangua kiluwiluwi, kiluwiluwi hugeuka, halafu mbu huruka. Penye joto safari hiyo huchukua wiki moja au mbili; penye baridi huzidi. Kwa hiyo tukimvuruga kila wiki, hatafika kuruka.

Tufanye hivi kila Jumamosi:

1. Tukague kifuniko cha tangi. Bomba la kuingiza maji na lile la kufurika tulifunge wavu laini.

2. Mapipa na ndoo za wazi tuzimwage na kusugua kuta. Mayai ya mbu wengine hunata pale, yakakaa makavu miezi mingi.

3. Matairi na mikebe tuvikusanye, na gata tuzitoe majani.

Kufyeka nyasi peke yake hakutoshi. Mbu hujificha humo, lakini hazaliwi humo.

Jambo la mwisho. Sisi wa baridi miili yetu haijazoea malaria, hivyo hutuangusha haraka. Mtoto akirudi kutoka Baringo au Kisumu na homa, tusimpe dawa ya maumivu tukangoja. Apimwe siku hiyo hiyo, na tumwambie daktari alikotoka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Jumamosi tuanzie kwenye tangi.